Farumi na Pazia Katika Boti ya Bi Zuhura

Namshukuru Mola aliyeyapa maji nguvu ya kubeba kilicho kizito, akanipa mikono ya kufanyia kazi, kisha akanipa uzee wa kuisimulia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na watu wake. Baada ya hayo, wanangu, nina maneno nanyi mnaotengeneza boti Kilifi, Watamu na Malindi, na hata nyinyi mnaozipanda tu kwa starehe. Mimi ni Athmani, fundi wa injini za boti. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Mambrui, na kazi yangu kubwa ni kwenda msikitini na kurudi.

Juzi nilikuwa barazani baada ya sala ya alasiri, simu ikalia. Kijana mmoja wa Watamu, fundi niliyemfundisha mwenyewe, ameniletea picha na maneno: "Shikamoo mzee. Na sisi tumepata boti ya kuteleza kwenye wimbi. Kesho tunaanza na wageni." Nikaitazama ile picha. Boti ina mashine ya kuning'inia nyuma, propela iko nje kabisa, na hapo hapo, karibu kiasi cha kuweza kupeana mikono na walio ndani, msichana amesimama juu ya ubao anacheka.

Simu ilinitoka mkononi ikaanguka sakafuni. Mke wangu akatoka jikoni mbio.

"Kuna msiba?"

"Bado," nikamwambia.

Nikampigia yule kijana. Sikumsalimu hata, Mola anisamehe. Nikamwuliza, "Huyo binti akianguka mbele, anaangukia nini?"

Nikasikia anavuta pumzi. "Propela, mzee."

"Basi itoe hiyo boti majini leo, si kesho."

Aliitoa, namshukuru. Lakini usiku ule sikulala vizuri, nikajua lazima niandike. Kazi hii ni changa huku kwetu, na watu wanajifunza kwa kutazama video. Video inakuonyesha mtu anateleza, haikuonyeshi kilichokuwa chini ya boti wala kilichokuwa hewani.

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze. Zamani wageni walikuja na boti za kuvuta watu. Boti ina mnara wa chuma katikati, kamba ndefu inafungwa juu ya mnara, na mtu nyuma amefungwa miguu kwenye ubao. Boti inakwenda kasi, yeye anaruka hewani kama panzi. Boti hizo ni nzuri kwa jambo moja: injini imo ndani, na propela iko chini ya tumbo, mbele ya bamba la usukani, mbali na miguu ya watu. Siku hizi watu wamechoka kurukaruka. Wanataka boti iende polepole, ichimbe maji, ifanye wimbi nyuma yake, na wao wapande wimbi hilo. Kamba wanaishika wakati wa kusimama tu. Wakishasimama wanaitupa ndani ya boti, wanabaki wanateleza mikono mitupu.

Mara ya kwanza kuliona jambo hilo, hapo katika hori ya Kilifi, ule mkono wa bahari unaoingia bara, nilisimama ukingoni nikapiga kelele mpaka koo likauma: "Zima! Zima, kamba imekatika, mtu anabaki!" Watu wote wakageuka kunitazama mimi badala ya boti. Katana, mwenzangu wa kazi, alicheka mpaka akakaa chini.

Katana ni Mgiriama wa Tezo, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na ndiye ndugu niliyepewa na kazi. Tumekaa karakana moja miaka mingi. Mimi nilikuwa wa injini, yeye wa mbao, faiba na bolti. Mimi humwita Padri, yeye huniita Sheikh, na hakuna siku tuliyoagana bila mmoja kumtania mwenzake.

Boti ninayotaka kuwaeleza ilikuwa ya Bi Zuhura, mwanamke wa Malindi, mjane, mwenye nyumba ya wageni karibu na hori. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi wa sadaka. Aliipata boti ya mnara iliyozeeka, rangi imepauka, viti vimepasuka, lakini injini nzima, ya petroli, yenye sauti nzito ya kupendeza. Binti yake, Rukia, ndiye aliyekuja karakana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Mzee, nataka unifanyie boti ilale upande."

Nikamtazama. Nikamtazama Katana. Wanangu, tangu nilipoanza kushika spana, kazi yangu ilikuwa kuzifanya boti zikae sawa. Marehemu Fundi Omari aliyenifundisha alikuwa akiweka sahani ya maji juu ya kifuniko cha injini, na maji yakimwagikia upande wowote, hatuendi nyumbani. Sasa mtoto wa watu anakuja kwa adabu zake zote kuniambia niiharibu boti ya mama yake.

"Ilale?" nikauliza.

"Ilale kushoto. Na nyuma izame kidogo."

"Izame!" Katana akapiga makofi. "Mulungu wangu! Sheikh, huyu amekuja kwako kwa sababu anajua zako huzama bila kuombwa."

Rukia hakukasirika. Alichukua beseni letu la kuoshea mikono, akatia kibakuli ndani yake, akakisukuma. Kibakuli kitupu kilipita juu ya maji bila kuacha alama. Akakitia nati na bolti upande mmoja, akakisukuma tena. Mara hii maji yakainuka nyuma yake. "Wimbi linatokana na uzito," akasema. "Boti nyepesi haina wimbi." Nilikubali palepale.

Uzito huo wazee wetu waliuita farumi. Jahazi lisilo na shehena lilitiwa mchanga au mawe chini, lisipinduke. Basi Katana, kwa kuwa hakuna mtu wa pwani asiyejua farumi, asubuhi ya pili alifika na mkokoteni wa viroba vya mchanga. Tukavipanga, boti ikalala vizuri sana, tukafurahi. Rukia akaja kutazama.

"Na tukitaka kuugeuza uzito uende kulia, kwa anayeteleza upande huo?"

"Tunahamisha viroba," akasema Katana.

"Katikati ya maji?"

"Kwa koleo, dada. Mazoezi mazuri."

Mchanga wenyewe ndio uliotukomesha. Boti ilipotikisika, viroba vilipasuka, mchanga ukateremka mpaka chini kabisa, kule yanakokusanyika maji ya ngama, ukaingia ndani ya pampu ya kuyatoa. Nilipoifungua ile pampu nilipata mchanga wa kujenga choo. Hebu fikirini boti hiyo ingeingiza maji siku ya kazi. Pampu haivuti, na farumi haitupiki. Tangu siku hiyo tukatumia mifuko ya maji, mifuko mikubwa ya plastiki nene inayojazwa na kutolewa kwa pampu. Ukitaka uzito unayaingiza maji, ukiyachoka unayarudisha kwa mwenyewe, bahari. Shikeni hili: farumi yoyote ambayo huwezi kuitupa ukiwa umekaa kwenye usukani, usiipakie. Na msiizidishe mbele. Mbele pakiinama, siku unapogeuza boti kumfuata aliyeanguka, wimbi lako mwenyewe linapanda juu ya omo, kichwa cha boti, na kuingia ndani.

Propela nayo ilibidi ibadilishwe. Ile ya zamani ilitengenezwa kwa boti nyepesi yenye mbio. Tulipoipakia boti uzito, injini ilinguruma ikahema kama gari lenye mzigo mlimani katika gia kubwa. Tukapata propela inayokata maji kidogo kidogo, na injini ikapumua. Ukikosea hapo utaua injini kwa joto, kisha uje useme petroli ilikuwa mbaya.

Halafu kuna ubao wa ubavuni. Maji yanayopita pande mbili za boti hukutana nyuma na kuvurugana. Ukiyachelewesha ya upande mmoja, wimbi la upande wa pili linasimama safi. Boti mpya zina milango ya chuma inayofunguka kwa kitufe. Sisi tulikuwa na tangi bovu la maji la plastiki. Katana akakata kipande chake, akakipinda kwa moto, na mimi nikaenda kwa fundi wa vioo nikamwomba vile vikombe vya mpira vinavyonyonya, wanavyobebea vioo. Tukakibandika kile kipande nyuma ya boti kwa vikombe hivyo, bila kutoboa tundu hata moja.

Siku ya kujaribu nilikuwa ndani ya boti. Katana aliendesha. Rukia akasimama juu ya ubao, akavuta kamba kidogo, kisha akaitupa, ikaniangukia mapajani. Wimbi lilisimama nyuma yetu, kijani, laini kama kanzu iliyopigwa pasi, na yule binti juu yake, nguo zake za kuogelea zimemsitiri kuanzia kichwani mpaka vifundoni, anakuja nasi bila kuvutwa na kitu chochote. Nilisema "Subhanallah" mara nyingi mpaka Katana akanikumbusha nitazame kipimo cha joto.

Mpaka hapo ilikuwa furaha tupu.

Siku za Idi zilipofika, Bi Zuhura alitaka kuwatoa wanawake wa ukoo, wapwa na mashangazi waliotoka Malindi na Lamu, waende horini wakamwone Rukia akiteleza, na anayetaka ajaribu. Mwanaheri, binamu yake Rukia, angeshika usukani, alikwishafundishwa. Mimi na Katana tukaombwa tuwe majini katika boti ndogo, mbali kidogo, kwa usalama. Nao wanawake watakuwa wamelegeza mavazi, kwa hiyo sisi tukae tumewapa mgongo.

Nililiona ombi hilo ni la heshima na nikalikubali kwa moyo mmoja. Katana aliona aibu kucheka waziwazi. "Sheikh, tutakuwa walinzi wa mikoko," akasema. Tukakaa ndani ya kiboti chetu, nyuso zimeelekea mikoko, tunahesabu ndege.

Nyuma yetu mambo yalikuwa mazuri. Injini ikinguruma polepole, vigelegele, nyimbo za harusi, kicheko cha Mwanaheri. Mara mbili tatu tulimsikia Rukia akipiga kelele za furaha kutoka majini. Harufu ya udi ikatufikia.

"Wamefukiza," akasema Katana, akanusa. "Vizuri. Kwetu boti hunuka samaki tu."

Nikashtuka kidogo. Udi unahitaji makaa. Nikajiambia labda harufu inatoka nyumba za ufukweni, kwa maana hakuna mwenye akili angewasha makaa ndani ya boti ya petroli.

Baada ya muda nyimbo zilipungua. Nikadhani wamechoka, wanakula. Kisha sauti moja ikaanza kusoma dua, nyingine ikafuatia, taratibu, kwa mvuto. Mimi nilizisikiliza kwa raha. Nilisema moyoni, watu wema hawa, hata katika mchezo wanamkumbuka Muumba wao.

Ndipo tuliposikia sauti ya Rukia, kutoka mahali tusipotarajia, mbali sana na boti.

"Mzee Athmani! Geukeni!"

Sikugeuka. Wanangu, nawaambia ukweli, shingo yangu ilikataa. Nilikuwa nimeahidi.

"Sheikh," akasema Katana, "ametuita."

"Geukeni! Hawarudi kunichukua! Geukeni, wallahi geukeni!"

Tukageuka pamoja. Rukia alikuwa peke yake katikati ya hori, amekumbatia ubao, mkono juu. Boti ilikuwa mbali naye, inazunguka duara, polepole, duara moja juu ya jingine, hakuna anayeiongoza. Na ile boti yenyewe sikuitambua. Ilikuwa imegeuka hema. Leso na turubai zimefungwa kuanzia mnarani mpaka kwenye kingo, pande zote mbili na mbele juu ya kioo. Upande mmoja tu uliachwa wazi, nyuma, ili wamtazame Rukia.

Nikaelewa papo hapo. Boti inayokwenda mbele huacha nyuma yake mahali pasipo na upepo, na mahali hapo hunyonya hewa kuirudisha ndani. Boti ikiwa wazi, upepo hupita na kuufukuza moshi. Wao walifunga pande zote za upepo wakaacha mlango mmoja, mlango wa moshi. Na kwa farumi tulizopakia, nyuma ilikuwa imezama, bomba la moshi liko chini ya miguu yao.

"Twende kwa Rukia!" nikasema.

Rukia alituona tunamwelekea, akatufokea kama watoto. "Mimi nina jaketi la kuelea! Niacheni! Mama yumo mle!"

Katana akageuza. Kuipanda boti inayozunguka si jambo dogo, lakini alikisogeza kiboti ubavuni kwa utulivu ambao sijausahau, mimi nikaruka, nikaingia kwa kuchana leso kwa kichwa.

Ndani mlikuwa na joto na harufu nzito ya udi. Mwanaheri ameinama juu ya usukani, macho wazi, ananitazama asinijue. Wawili wamelala sakafuni. Mmoja anatapika. Na nyuma kabisa, kwenye kiti cha mwisho, Bi Zuhura ameegemea, mdomo wazi, hana habari, na mashangazi wawili wamemshika kichwa wanamsomea, sauti zao zimelegea. Miguuni pake chetezo cha udi, makaa mekundu ndani yake. Moto! Moto juu ya tangi la petroli, mbele ya macho yangu!

Nilizima injini kwanza. Chetezo nikakitupa majini, kikalia kama nyoka.

"Usimguse," shangazi mmoja akaniambia, ulimi mzito. "Amepandwa na kitu. Tunamsomea."

"Shangazi, msomee, lakini nje. Ni moshi."

"Hakuna moshi. Hakuna harufu."

Maneno hayo ndiyo ninayotaka myashike kuliko yote katika waraka huu. Hakuna harufu. Moshi wa injini ya petroli una hewa ya sumu ndani yake, ile shuleni wanayoiita kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki, na inamwingia mtu kama usingizi. Inampa maumivu ya kichwa, naye anasema ni jua. Inamtia kichefuchefu, naye anasema ni bahari. Harufu kidogo ya moshi iliyokuwapo kuwaonya, waliifunika kwa udi ili wageni wasikerwe, na makaa yakaongeza sumu hiyohiyo.

Katana alikuwa ameshafunga kiboti, anakata turubai kwa kisu cha samaki. Upepo ukaingia. Tukamlaza Bi Zuhura ubavu, kichwa kwenye upepo. Nilimwita. Hakuitika. Nilimwita kwa jina la mwanawe. Hakuitika. Nimeshika injini zilizokufa maisha yangu yote, na sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa mkono ule ulivyokuwa mzito.

"Anapumua," akasema Katana, sikio lake mdomoni pa mama yule. "Kidogo. Sheikh, usilie, pampu maji yatoke, twende!"

Nilitoa farumi yote. Boti ikainuka, nyepesi. Tukamchukua Rukia akiwa analia, tukaondoka mbio, omo kwenye upepo, mapazia yaliyochanika yanapepea nyuma yetu. Rukia alishika kichwa cha mama yake njia nzima akirudia, "Mimi ndiye niliyeitaka boti hii, mama, mimi ndiye niliyeitaka."

Hospitali walimtia hewa ya oksijeni. Wale wengine walipata nafuu jioni ileile. Yeye alichelewa. Tulikaa kwenye benchi la nje, Katana kwa sala zake, mimi kwa zangu, na kwa mara ya kwanza hatukutaniana. Alipofungua macho, muuguzi alitoka akacheka kidogo: "Anauliza chetezo chake kiko wapi."

Nilisujudu pale pale kwenye saruji.

Alirudi nyumbani, lakini kichwa kiliendelea kumuuma wiki nyingi, na majina ya watu yalimponyoka. Rukia ndiye aliyeniumiza zaidi. Alikuja karakana akaniletea funguo. "Iuzeni, mzee. Au ichomeni. Sitaikanyaga." Binti aliyekuwa akicheka juu ya maji sasa akipita mbali na ukingo, uso chini.

Boti hatukuichoma. Tuliifanyia kile ambacho kila fundi wa kazi hii lazima akifanye kabla ya kuiachia iende. Bomba la moshi tukalipinda, likashuka chini ya boti mpaka kwenye maji ya propela, moshi ukasukumwa chini ukatokea mbali nyuma. Tukaweka ndani kile kisanduku kidogo kinachopiga kelele hewa ya sumu inapozidi, kimoja mbele na kimoja nyuma. Mnarani tukaandika kwa rangi nyekundu: hakuna pazia, hakuna moto. Ngazi ya nyuma tukapiga marufuku mtu kuikalia injini ikiwa inawaka.

Nikamwita Bi Zuhura aje aone. Alikuja na bakora, polepole, Rukia nyuma yake ametazama kando. Nilimweleza kila bomba. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi Athmani, maneno yako nimeyasikia. Kaa wewe."

"Nikae wapi, bibi?"

Akanyoosha bakora, akaonyesha kiti cha nyuma. Kile kile.

Nilikaa. Katana akaendesha, mwendo ule ule wa polepole, farumi zote zimejaa, tukazunguka hori asubuhi nzima. Kisanduku nilikipakata kama mtoto. Hakikulia. Kila tulipopita karibu na gati Bi Zuhura alipaza sauti: "Kichwa?"

"Salama, alhamdulillahi!"

"Tumbo?"

"Njaa tu!"

Katana aliporudi kufunga kamba, yule mama hakusema tumeshinda wala tumeshindwa. Alimtuma Mwanaheri aende akalete nguo. Nikauliza nguo zipi. Akasema za kuogelea.

Wanangu, yule alikuwa mtu wa makamo, aliyetoka kwenye mauti, mwenye bakora. Nilishtuka kuliko siku ya mchanga na siku ya kamba. Nikaanza kusema, "Bibi, tafadhali," akaniinulia kidole.

"Rukia," akasema, bila kumtazama binti yake, "mimi najifunza leo. Mwanaheri hagusi tena usukani. Kama huendeshi wewe, ataendesha Katana, na Katana ni mwanamume. Basi chagua."

Rukia alisimama pale gatini. Alikitazama kile kiti cha nyuma. Nilitaka kumwombea ruhusa ya kukataa, lakini Katana akanikanyaga mguu. Kisha binti akashuka, akavua viatu, akaingia ndani ya boti, akanyoosha mkono kuomba funguo.

Utaratibu tuliupanga upya. Mimi na Katana katika kiboti, migongo kwao kama zamani, lakini Mwanaheri amekaa kati yetu ameelekea boti, na kazi yake ni kutazama na kusema asiache. Akinyamaza tu, tunageuka, ahadi au hakuna ahadi. Hivyo ndivyo inavyofanywa hapo mpaka leo, na stara haijapungua.

Basi tulikaa tumetazama mikoko, na Mwanaheri anasema: "Shangazi ameingia majini... ameshika kamba... ameanguka. Anacheka. Ameshika tena... ameanguka. Rukia amerudi kumchukua, amezima injini kwanza... amewasha. Shangazi amepiga magoti... amesimama!"

Katana akanishika mkono. "Usigeuke, Sheikh."

"Sigeuki."

"Amesimama," Mwanaheri akasema. "Rukia anamtazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Rukia anacheka. Wallahi, ameachia kamba."

Ewe uliyesoma mpaka hapa, fundi au abiria, mwanamume au mwanamke: Mola akupe pumzi safi kifuani na macho ya kuona kisichoonekana, akurudishe gatini kila unapotoka ukiwa na wote ulioondoka nao, na akujaalie mwenzako wa kazi kama yule niliyejaaliwa mimi. Amin.